Kifungo cha nyumbani: nimeona cha Auckland, nimeishi na kifungo cha nje hapa Umoja, maoni yangu ndio haya

Jumamosi iliyopita nilikuwa nasuka mama mmoja hapa saluni kwangu Umoja, Nairobi, ameinamisha kichwa, na katikati ya mstari nikasikia analia. Nikadhani nimevuta nywele sana. Kumbe kijana wake ako rimandi wiki ya tatu kwa kesi ya kupigana, bondi imewashinda, na mtu wa kanisa amemwambia ati kuna nchi unafungwa ukiwa kwako nyumbani, unavalishwa kitu mguuni na unalala kwa kitanda chako, sasa alitaka kujua kama hiyo ni kweli ama ni hadithi za watu. Nikamwambia mama, hiyo naijua, ya huko na ya huku, wacha nimalize hii nywele nikueleze. Tulitoka saluni saa mbili usiku.

Watu wanaandika maoni kuhusu friji, kuhusu sacco za matatu, kuhusu hoteli walikula nyama ikakuwa ngumu, lakini huduma kama hii ambayo inaamua mtoto wako atalala wapi miezi sita hakuna mtu anaiandika juu kila familia inaona aibu. Sisi tumepitia mbili ndani ya miaka mitatu kwa hivyo mimi naandika.

Nianze na ya Auckland. Binamu yangu ni mtoto wa shangazi, na shangazi naishi naye, ndio maana simu zote za video zilikuwa zinaingia kwa simu yangu. Binamu alishikwa akiendesha gari akiwa amelewa na haikuwa mara ya kwanza wala ya pili. New Zealand ukifika mara ya tatu sheria inaruhusu hadi miaka miwili jela. Sasa kule tangu Oktoba 2007 kuna adhabu inayosimama peke yake inaitwa kifungo cha nyumbani, hakimu anaweza kukupa kama kosa lako angelifunga miaka miwili kushuka, na yenyewe haiwezi kuwa chini ya siku 14 wala kupita miezi 12. Yeye alipewa sita.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba kabla hakimu aamue, afisa wa probesheni alienda mpaka kwa nyumba. Akaangalia nyumba iko aje, kisha akaongea na mke wa binamu, akamweleza kosa la mumewe lote bila kuficha, akamweleza masharti, na akamuuliza kama anakubali huyu mtu atumikie kifungo hapa ndani. Wanaoishi kwa nyumba lazima waulizwe na wakubali, na mtu akibadilisha nia katikati anaruhusiwa kusema sitaki tena. Shangazi aliposikia hivyo alikasirika sana, akauliza kwani sasa mke ndio amekuwa hakimu? Mimi nilinyamaza siku hiyo lakini baadaye nilimwambia shangazi, huyo mke ndiye ataishi na huo mguu miezi sita, nani mwingine angeulizwa.

Kifaa chenyewe. Ni plastiki nyeusi, ukubwa kama pakiti ya fegi, imefungwa juu kidogo ya kifundo cha mguu na mkanda ambao ukikatwa ama ukivutwa vibaya kituo kinachokufuatilia kinajua papo hapo. Haiingii maji, unaoga nayo. Inasoma uko wapi kwa setilaiti na kutuma habari kwa mtandao wa simu, na kama simu yoyote inaisha chaji. Hapa ndipo watu hawaelewi. Kila siku inatakiwa kuchajiwa na huwezi kuivua, kwa hivyo wewe mwenyewe ndio unakaa kando ya soketi na waya mguuni kama friji. Sisi tukimaliza kula saa tatu usiku kwao inakuwa saa kumi na mbili asubuhi, na karibu kila tukipiga tulikuwa tunampata jikoni kwa kiti kile kile, mguu umeunganishwa ukutani, anakunywa chai. Chaji ikishuka kitu kinatetemeka. Usipochaji ikazima hiyo ni kosa lako, na ukivunja masharti unaweza kurudishwa kortini kwa kosa jipya kabisa.

Mpaka wake ulikuwa ploti yake. Uani nyuma sawa, kwa geti hapana. Siku ya takataka anasukuma pipa mpaka getini anasimama, mke anatoka na kandambili anamalizia hatua saba zilizobaki hadi barabarani. Hiyo pipa tuliiona kwa video na shangazi aligeuza uso akaangalia ukuta. Hajawahi kuona mwanawe anashindwa kufika barabarani.

Sasa uzuri wake niseme bila kupunguza. Hakupoteza kazi. Alipewa ruhusa kwenda kazini stoo anakofanya, kwa masaa yaliyoandikwa, anatoka saa fulani anafika saa fulani anarudi saa fulani, na kwa vile leseni ilikuwa imechukuliwa mke ndiye alikuwa anamuendesha. Kodi ililipwa. Watoto walimuona baba kila jioni na hesabu ya shule walifanya naye. Pombe alikatazwa hata nyumbani, na shangazi mpaka leo anasema hiyo miezi sita ndio mara ya kwanza kwa miaka kumi amesikia sauti ya mtoto wake Jumamosi usiku ikiwa safi. Hiyo peke yake kwangu ni nyota mbili.

Ubaya. Mtoto wake wa kiume anacheza mpira kwa uwanja ulio karibu sana na nyumba, karibu mpaka filimbi ya refa inasikika jikoni. Ruhusa za kutoka ni za kazi, hospitali, mambo ya lazima kama hayo, na mechi ya mtoto wa miaka tisa haikuwa ndani. Kwa hivyo Jumamosi anakaa jikoni anasikia filimbi, anajaribu kujua bao ni la nani kwa kelele. Aliniambia kitu, akasema dada, jela ningejua sioni, hapa nasikia kila kitu. Nilikaa na hayo maneno siku kadhaa.

Na mke. Huyo ndio watu wanasahau. Huyu mama hakukunywa, hakuendesha, hakushikwa, lakini miezi sita alikuwa dereva, mtu wa duka, mtu wa pipa, mtu wa kujibu simu saa tisa usiku kituo kikiuliza mbona kifaa kimepotea kwa mtandao. Marafiki walikuwa wanakuja kwake mwisho wa mwezi wakaacha kuja. Akitaka kugombana na mumewe anameza maneno juu anajua huyu mtu hawezi hata kutoka nje kupunga hewa kidogo arudi, na yeye akitoka anaonekana ameacha mgonjwa. Mwezi wa nne alinipigia mimi, sio shangazi, akalia kama huyu mama wa saluni. Kwa hivyo mtu akiniambia kifungo cha nyumbani ni cha mtu mmoja namwambia aende akaishi kwa hiyo nyumba wiki mbili.

Nikaanza kusoma hii maneno ilitoka wapi. Ni jaji wa Albuquerque huko Marekani, Jack Love, ndiye wa kwanza kumvalisha mtu kama adhabu mwaka 1983, na wazo alilitoa kwa katuni ya gazeti. Uingereza ilianza 1999 kuwatoa wafungwa mapema kidogo kabla ya muda wao, wanakaa ndani usiku na tagi mguuni. Ya Marekani ndio ilinikera kabisa, juu sehemu nyingi kule mtu anatozwa pesa kwa kila siku amevaa, hata yule bado hajapatikana na hatia, na akishindwa kulipa ako hatarini kurudi ndani. Hiyo ikiletwa hapa na mtu yeyote nitaandamana.

Haya sasa turudi Umoja.

Mdogo wangu, wakati huo alikuwa na miaka 23, alipigana na jirani kwa foleni ya maji. Wiki mbili mferejini hakuna kitu, bowza ikaja usiku, watu mia na mitungi, mtu akaruka laini, maneno yakawa ngumi, jirani akapoteza jino. Sitatetea. Alikosea na jino la mtu halioti tena. Akashikwa, akapelekwa kortini, bondi ikawekwa shilingi 50,000 na sisi kwa nyumba nzima siku hiyo tulikuwa na elfu kumi na moja na mia kadhaa. Akaenda rimandi siku 19.

Hizo siku 19 sitazieleza zote. Alirudi na upele mwili mzima na kikohozi, na usingizi wake ulikuwa wa kushtuka shtuka mpaka Desemba. Kazi yake ya kuosha magari ilipewa mtu mwingine siku ya nne. Mimi nilikuwa nafunga saluni siku mbili kwa wiki kwenda kumuona, fea, foleni, mkate, sabuni, na ukifika unapewa dakika chache mnapigiana kelele na familia zingine. Hatukuwa tumeambiwa na mtu yeyote ana hatia. Hiyo ndio sehemu inaniuma mpaka kesho. Katiba yetu kifungu cha 49 inasema mtu akishikwa ana haki ya kuachiliwa kwa bondi ama dhamana yenye masharti ya busara, labda kuwe na sababu nzito, lakini busara ya mwenye gari na busara ya mwenye saluni ya viti viwili haziko sawa.

Alikubali kosa. Hakimu akaomba ripoti ya probesheni. Na hapa ndio nikaona hii yetu na ile ya Auckland zina mama mmoja, juu afisa alikuja mpaka kwa ploti. Mimi sikuwa, nilikuwa na kichwa cha mteja. Aliongea na karetaka kwanza, na karetaka kitu pekee anajua kuhusu ndugu yangu ni kwamba anafungulia redio asubuhi. Akaongea na mama mboga wa chini, huyo Mungu ambariki alisema huyu kijana hunibebea gunia bila kuniomba kitu. Akaongea na yule jirani wa jino pia, na ni vizuri alifanya hivyo, juu jirani alisema jela haitamrudishia jino, yeye anataka alipiwe daktari wa meno. Tulilipa kwa miezi mitatu, na leo wanasalimiana.

Akapewa kifungo cha nje, kazi ya jamii, masaa 240. Hii ni sheria ya 1998. Kama kosa lako adhabu yake haipiti miaka mitatu unaweza kupewa, na hata kama inapita, kama hii ya kujeruhi ambayo inafika miaka mitano, hakimu akiona kwamba kwako wewe mitatu ama chini yake inatosha bado anaweza. Kazi ni ya umma na hulipwi: barabara, kupanda miti, maji, shule za serikali, hospitali, nyumba za mayatima. Yeye alipelekwa zahanati. Masaa manne kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki kumi na mbili. Kupiga deki kabla wagonjwa waingie, kufyeka nyasi, kuchota maji, kupanga foleni ya akina mama wa kliniki. Ndio, foleni. Huyo kijana aliyepigana kwa foleni ya maji alisimama miezi mitatu akipanga akina mama wenye watoto mgongoni na hakuna siku kulikuwa na fujo. Nurse mkuu aliniambia hivyo mwenyewe, akasema huyu wako ana sauti nzuri ya kuita watu.

Mguuni hakuvaa kitu. Kilichomshika ni rejista. Anatia sahihi akifika, anatia sahihi akitoka, supavaiza anatia yake, na asipoenda bila sababu anarudishwa mbele ya hakimu na jela inafunguka. Na pia nilimshika mimi, nasema bila kujisifu, juu nilikuwa namuamsha saa kumi na moja na nusu kila siku, uji, viatu, toka. Kwa miguu ni dakika arobaini na hakuna mtu anakulipia fea. Hata chai hakuna. Nilipiga hesabu ile chakula na sabuni ya nguo na ile asubuhi angekuwa anatafuta kibarua, hii adhabu iligharimu nyumba yetu kitu kama kodi ya mwezi mmoja na nusu. Bado ni bei rahisi kuliko siku 19 za rimandi, hizo zilitumaliza.

Kuna jambo moja baya lilitokea na lazima niliweke. Wiki ya tano mtu mmoja mwenye cheo pale alianza kumwambia akimaliza deki aoshe gari lake la nyumbani. Mara ya kwanza akaosha. Mara ya tatu akaniambia. Kazi ya jamii ni ya jamii, haiko kwa ajili ya bonet ya mtu, na huyo mtu alijua kijana hawezi kukataa juu sahihi iko mkononi mwake. Nilimpigia afisa wa probesheni nikamweleza polepole bila matusi, akaja siku mbili baadaye kama anapita tu, na hiyo kazi ya gari ikaisha siku hiyo hiyo. Huyo afisa alikuwa na kesi nyingi kuliko vidole vyangu na vyako vikichanganywa na bado alikuja. Kama una mtu kwa hii huduma, chukua namba ya afisa siku ya kwanza. Na piga picha ya rejista kila Ijumaa. Karatasi zetu za wiki ya pili zilipotea kwa ofisi moja na picha ndizo zilituokoa masaa 20.

Mama wa saluni akaniuliza, sasa hicho kitu cha mguuni kingefaa huku? Nilifikiria sana kabla nijibu.

Kwa mwenye bedsita yenye choo ndani na stima ya uhakika, ndio. Lakini wengi wetu tunaishi chumba kimoja, choo mwisho wa ukumbi kwa milango kumi, bafu hapo hapo, maji chini, jiko la makaa nje mlangoni. Mpaka utachorwa wapi? Ukimchorea mtu futi kumi kwa kumi umemuwekea seli na ukasahau kumpa choo. Ukichora ploti nzima sawa, lakini hiyo ploti ina watu sitini na wote watajua, na karetaka atapandisha bei ama atakuambia uhame, na ukihama unaanza upya na afisa. Stima ikipotea siku mbili chaji inatoka wapi? Tokeni ikiisha Jumapili usiku? Pia riziki yetu haina masaa ya kuandikwa. Binamu yangu aliruhusiwa kwenda stoo saa moja hadi saa kumi, lakini mtu wa mjengo anaamka hajui kama leo ni Ruai ama ni Kikuyu, utamuandikia ruhusa ya wapi?

Hata hivyo nikimkumbuka ndugu yangu zile siku 19, ningekubali. Ningekubali mara mia. Kama siku ile korti ingeniambia mama, hauna elfu hamsini lakini uko tayari kukaa naye kwa nyumba na kifaa mguuni mpaka kesi isikizwe, ningetia sahihi kabla wamalize kusoma. Hapo ndipo naona kingesaidia watu wetu zaidi, kwa wale wanangoja kesi na wamefungwa na umaskini. Kwa aliyehukumiwa kosa dogo hii kazi ya jamii tuliyo nayo naipenda zaidi kuliko ile ya Auckland. Ndugu yangu alitoka nje kila siku akaonekana akifanya kitu, binamu alikaa ndani akisikia filimbi. Lakini waulize wanaoishi naye kwanza, vile walimuuliza mke wa binamu. Mimi hakuna mtu aliniuliza. Ripoti iliandikwa dada ana makao ya kudumu, na mimi nikawa askari bila kuambiwa.

Mkinibana nyota: ya Auckland nne kwa aliyefungwa, mbili kwa mke wake. Kazi ya jamii hapa nne, na ya tano naizuia mpaka wawape hata fea na chai. Rimandi kwa mtu aliyekosa bondi sitaipa hata nusu.

Siku binamu alikatwa mkanda alitupigia akiwa uani, akageuza kamera akaanza kutembea, akapita geti, akapita pale pipa huwa linasimama, akashika barabara. Shangazi alikuwa ameshika simu yangu kwa mikono miwili. Akapiga kelele, rudi ndani, wewe rudi ndani! Kisha akakumbuka, akakaa chini.

Mama nilimmalizia nywele na sikumtoza. Nilimwambia mambo matatu: mwambie wakili ama mwanao aombe kortini ripoti ya probesheni ifanywe kuhusu bondi, juu maafisa hao huandika hata hiyo na hakimu anaweza kupunguza kiwango, tafuteni familia ya aliyepigwa muongee kwa heshima na bila kuwatisha, na karetaka wenu asisikie habari kwa afisa kabla hajaisikia kwako. Akauliza akianza na gani. Nikasema karetaka, ndiye yuko karibu. Akavaa kitambaa juu ya nywele mpya akaenda kumgongea usiku huo huo.